Mshipa wa Ubongo Hutazamwa Tena Baada ya Operesheni

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha walishika majembe, wakaenda kuchimba vyoo. Fundisho la kampeni ile lilikuwa moja. Afya si kazi ya daktari peke yake. Mtu mwenyewe naye ana kazi yake.

Somo la leo linafundisha jambo hilo hilo, ingawa linahusu ugonjwa mgumu. Tutazungumza juu ya mtu aliyetibiwa mshipa wa damu ndani ya kichwa. Mtu huyo amepona. Anakula, anatembea, anafanya kazi. Lakini daktari anamwambia, "Rudi tukupige picha." Je, kwa nini arudi wakati haumwi?

Soma polepole. Kama kuna mtu nyumbani asiyejua kusoma, msomee.

MFANO WA MVUVI

Tuchukue mfano. Huyu si mtu fulani, ni mfano wa kutusaidia kuelewa.

Mvuvi mmoja wa Ukerewe alikuwa ziwani usiku akivua dagaa. Ghafla alishikwa na maumivu makali ya kichwa. Hayakuanza kidogo kidogo. Yalimpiga mara moja, kama mtu aliyepigwa rungu. Alitapika. Shingo ilikakamaa. Kisha alizirai ndani ya mtumbwi.

Wenzake waliacha nyavu, wakamrudisha nchi kavu. Mmoja alisema ni malaria imepanda kichwani. Mwingine alisema amerogwa kwa sababu ya wivu wa samaki. Mke wake hakubishana nao. Alisema, "Mabishano baadaye. Kwanza hospitali." Mama huyu aliokoa maisha ya mumewe.

Mgonjwa alipelekwa hospitali ya wilaya, kisha akavushwa hadi Mwanza, katika Hospitali ya Bugando. Huko alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT. Picha ilionyesha damu iliyomwagika kuzunguka ubongo. Akapelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, yaani MOI. Jina la taasisi hiyo ni la mifupa, lakini inatibu pia ubongo na mishipa ya fahamu. Huko mshipa wake ulizibwa.

Mvuvi alirudi nyumbani. Alipewa karatasi yenye tarehe ya kurudi baada ya miezi 6. Akaiweka karatasi ndani ya sanduku. Sasa miezi 6 imetimia. Dagaa wamejaa ziwani. Mvuvi anajiuliza, "Niache kazi niende kupigwa picha ya kichwa kisichoniuma?"

Tutarudi kwa mvuvi huyu baadaye. Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe.

KIFUKO CHA MSHIPA NI NINI?

Damu hupelekwa kwenye ubongo na mishipa. Mishipa hiyo hugawanyika kama matawi ya mti. Mahali inapogawanyika, damu hugonga ukuta wa mshipa kila mara moyo unapopiga.

Umewahi kuona tairi la baiskeli lililochoka upande mmoja? Mahali palipochoka mpira wa ndani husukuma nje, ukafanya tumbo. Tairi bado linakwenda, lakini lile tumbo linazidi kuwa jembamba. Siku moja, ukiwa na mzigo, linapasuka.

Mshipa wa ubongo nao huweza kufanya hivyo. Mahali dhaifu hutuna, pakawa na kifuko kidogo. Mara nyingi kifuko huwa kidogo kuliko punje ya hindi. Madaktari hukiita anyurizimu. Sisi katika somo hili tutakiita kifuko.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi unaonyesha kwamba katika watu wazima 100, kama 3 hivi wana kifuko cha namna hii. Wengi wao hawajui. Wengi wanaishi nacho hadi uzee bila kupasuka. Kwa hiyo usiogope bure kila kichwa kinapouma. Lakini kikipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo. Watu wengi hufa, wengine kabla ya kufika hospitali.

Mambo yanayoongeza hatari ni haya: shinikizo la damu lililo juu, uvutaji wa sigara, na ukoo wenye ugonjwa huu. Wanawake hupata vifuko hivi zaidi kuliko wanaume.

MAFUNDI HUZIBA KIFUKO KWA NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni kufungua fuvu la kichwa. Daktari hukitafuta kifuko, akakibana shingoni kwa kibanio kidogo cha chuma. Ni kama kibanio cha kuanikia nguo, lakini ni kidogo sana. Damu haiingii tena ndani ya kifuko. Kibanio hubaki kichwani maisha yote. Daktari Walter Dandy alifanya operesheni kama hiyo mjini Baltimore, Marekani, tarehe 23 Machi 1937. Alitumia kibanio cha madini ya fedha.

Njia ya pili haifungui fuvu. Daktari huingiza mrija mwembamba katika mshipa wa pajani au wa mkononi. Huusukuma taratibu hadi kichwani. Kisha hupitisha waya laini sana wa platini, ambao hujikunja ndani ya kifuko kama uzi kwenye kidonge. Kifuko kikijaa waya, damu ndani yake huganda na kuziba. Daktari Guido Guglielmi na wenzake walianza kuwatibu watu hivyo mjini Los Angeles mwaka 1990.

Mvuvi wetu alitibiwa kwa njia hii ya pili. Ana waya, hana kibanio. Kumbuka jambo hilo. Litakuwa na maana sana hapo mbele.

KWA NINI TUTAZAME TENA?

Fundi wa mitumbwi anapoziba nyufa kwa pamba, hasemi kazi imekwisha siku ile ile. Mtumbwi hushushwa majini. Mwenye mtumbwi huingia, akatazama chini kama kuna maji yanayopenya. Baada ya miezi hutazama tena, kwa sababu mawimbi hayaachi kupiga. Mwenye akili hangoji mtumbwi uzame ndipo atazame.

Mshipa nao hupigwa na damu usiku na mchana. Mambo matatu yanaweza kutokea baada ya tiba.

La kwanza, kipande kidogo cha kifuko kinaweza kuwa kilibaki bila kuzibwa.

La pili, waya unaweza kujibana baada ya muda, ukaacha nafasi. Damu ikaanza kuingia tena. Jambo hili si la ajabu. Katika vifuko 5 vilivyojazwa waya, kama 1 hivi hufunguka tena kwa kiasi fulani. Karibu 1 katika 10 huhitaji kutibiwa mara ya pili. Kwa kibanio hutokea mara chache zaidi, lakini hutokea.

La tatu, mtu aliyepata kifuko kimoja anaweza kuota kingine mahali pengine baada ya miaka.

Sasa shika neno hili, ndugu msomaji, maana ndilo kiini cha somo: KIFUKO KINACHOFUNGUKA TENA MARA NYINGI HAKIUMI. Hakikupi homa. Hakikunyimi usingizi. Mtu anaweza kuvuta nyavu na kucheza ngoma huku kifuko kinakua. Kwa hiyo huwezi kusema, "Nitarudi nikiumwa." Ukingoja maumivu, huenda maumivu hayo yakawa ya kupasuka. Picha huona jambo ambalo mwili hausikii.

PICHA ZA ZAMANI NA PICHA ZA SASA

Hapo zamani ilikuwa vigumu kuuona mshipa wa ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 1927 daktari Egas Moniz wa Lisbon, nchini Ureno, alitia dawa katika mshipa wa shingo ya mgonjwa, akapiga eksirei. Mishipa ya ubongo ikaonekana.

Kipimo hicho kimeboreshwa na kinatumika hadi leo. Siku hizi mrija huingizwa pajani au mkononi. Kinaonyesha mishipa vizuri kuliko vyote. Lakini mrija ndani ya mshipa una hatari zake. Unaweza kuleta damu mahali ulipoingizwa, na mara chache sana huleta kiharusi. Kwa hiyo haifai kumrudishia mtu kila mara bila sababu.

Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, Uingereza, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Mwaka huo huo wa 1971 Hospitali ya Bugando ilifunguliwa juu ya kilima chake hapa Mwanza. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, Mwafrika Kusini aliyezaliwa Johannesburg. Cormack alianza kuifikiria hesabu ya mashine hiyo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Kwa hiyo Afrika nayo ina mkono katika mashine hii.

Baadaye ikaja mashine ya MRI. Hii haitumii eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu nyingi sana.

Kwa CT au MRI, daktari anaweza kuitazama mishipa ya ubongo bila kisu na bila mrija wa kufika kichwani. Mgonjwa huingia asubuhi, na mara nyingi hutoka siku ile ile kwa miguu yake.

KILA CHUMA NA PICHA YAKE

Watu huuliza, "Kati ya CT na MRI, ipi ni bora?" Jibu ni hili: inategemea una nini kichwani.

Ukitazama ziwa wakati jua linawaka juu ya maji, macho huumia. Huoni jiwe wala samaki aliye chini. Waya wa platini hufanya hivyo ndani ya picha ya CT. Hung'aa mno na kuficha mshipa ulio karibu. Lakini katika MRI waya huo hausumbui sana. Kwa hiyo mwenye waya, kama mvuvi wetu, mara nyingi hupigwa picha ya MRI. Mara nyingi kipimo hicho hakihitaji hata sindano.

Kibanio ni kinyume chake. Katika MRI kibanio hufanya doa jeusi linaloficha mahali pale pale panapotakiwa kuonekana. Kwa hiyo mwenye kibanio mara nyingi hupigwa picha ya CT. Hutiwa dawa kwa sindano ya mkononi ili mishipa ionekane vizuri.

Ikiwa picha hizi hazitoshi, au zinaonyesha jambo la kutia shaka, ndipo daktari huweza kurudia kipimo cha mrija.

KARATASI YAKO NI SAWA NA DAWA

Hapa pana hatari ambayo kila mgonjwa lazima aijue.

Vibanio vya siku hizi vingi ni vya titani au madini mengine yasiyovutwa na sumaku. Lakini baadhi ya vibanio vya zamani vilivutwa. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa aliyekufa kwa sababu hiyo. Alikuwa na kibanio cha zamani kichwani. Aliingizwa katika MRI, sumaku ikakisogeza kibanio, mshipa ukachanika.

Kwa hiyo, siku unapotoka hospitali baada ya operesheni, usiondoke bila karatasi inayoeleza mambo haya:

1. Umetiwa kibanio au waya?
2. Ni cha madini gani, kimetengenezwa na kiwanda gani, na ni cha aina gani?
3. Je, kinaruhusiwa kuingia katika MRI?
4. Operesheni ilifanyika lini, na hospitali gani?
5. Tarehe ya kurudi ni lini, na utapigwa picha gani?

Itie karatasi hiyo katika mfuko wa nailoni ili isilowane. Mwonyeshe mtu mmoja nyumbani mahali ilipo. Kama una simu ya picha, ipige picha karatasi hiyo. Na picha za kichwa ulizopewa, kwenye filamu au kwenye sahani ya CD, usiziache. Daktari hulinganisha picha ya leo na ya zamani. Bila ya zamani, hawezi kujua kama kifuko kimekua au kiko vile vile.

Mtu aliyepoteza karatasi asinyamaze. Aseme mapema, ili hospitali itafute kumbukumbu kabla hajaingizwa katika sumaku.

NIRUDI LINI?

Daktari wako ndiye atakayekupangia, kwa sababu vifuko havifanani. Lakini desturi ya kawaida ni hii.

Mwenye waya hupigwa picha ya kwanza baada ya miezi 6 hivi. Picha nyingine hufuata baada ya mwaka au miaka miwili. Mambo yakiwa mazuri, nafasi huongezwa, labda miaka kadhaa kati ya picha na picha.

Mwenye kibanio hupigwa picha baada ya operesheni ili kuona kama kifuko kimezibwa chote. Kisha huitwa tena baada ya miaka kadhaa.

Mtu mwenye umri mdogo, aliyepasukiwa, mwenye vifuko vingi, au mwenye ndugu wenye ugonjwa huu, hufuatiliwa kwa muda mrefu zaidi.

MAZUNGUMZO KATIKA ZAHANATI

Sasa turudi kwa mvuvi wetu. Amekwenda zahanati kupima shinikizo la damu. Muuguzi ni binti wa umri wa mtoto wake.

MUUGUZI: Shikamoo, baba.

MVUVI: Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?

MUUGUZI: Nzuri, baba. Naona karatasi yako inasema urudi mwezi huu kupigwa picha.

MVUVI: Mwanangu, mimi nimepona. Juzi nimevuta nyavu usiku kucha. Tena sasa ni giza, dagaa wanafuata taa. Nikiondoka, watoto watakula nini?

MUUGUZI: Maneno yako ni ya kweli, baba. Lakini je, mbalamwezi ikiwa kali unakwenda kuvua dagaa?

MVUVI: Aa, dagaa hawaji kwenye taa wakati wa mbalamwezi. Tunakaa mwaloni tunashona nyavu.

MUUGUZI: Basi tuombe tarehe iangukie siku za mbalamwezi. Nitapiga simu Bugando leo. Siku chache mbele haziharibu kitu. Kinachoharibu ni kutokwenda kabisa.

MVUVI: Na je, lazima niende mpaka Dar es Salaam? Nauli yenyewe ni mzigo.

MUUGUZI: Muulize daktari aliyekutibu kama picha inaweza kupigwa Bugando, kisha apelekewe. Wakati mwingine inawezekana.

MVUVI: Niambie kweli, binti yangu. Nikikuta kimefunguka, nitafungwa tena miezi hospitali?

MUUGUZI: Si lazima. Kikiwa kimefunguka kidogo tu, madaktari wanaweza kukitazama bila kukigusa. Wakiona kinakua, watakuziba tena kabla hakijapasuka. Safari ya kwanza ulibebwa umezirai. Safari hii utakwenda kwa miguu yako. Ipi ni nafuu?

MVUVI: Umesema kweli. Andika hiyo tarehe.

SIKU YA KIPIMO

Nenda na mtu wa kukusindikiza. Chukua karatasi, picha za zamani, na dawa zako. Uliza mapema gharama na bima yako inalipa nini. Weka akiba kidogo kidogo, kama unavyoweka akiba ya kununua nyavu.

Kwa watu wa Sengerema na Geita, safari imekuwa nyepesi tangu Juni 2025, Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa. Watu wa visiwani bado wanapanda meli au boti. Waende siku moja kabla, wasije wakachelewa kwa sababu ya upepo.

Kabla ya CT yenye dawa, mwambie mpigapicha ikiwa una ugonjwa wa figo, kisukari, au pumu, au kama dawa ya sindano imewahi kukudhuru. Mama mwenye mimba, au anayehisi ana mimba, aseme, kwa sababu CT hutumia mionzi. Dawa inapoingia mwilini unaweza kuhisi joto. Joto hilo hupita upesi.

Kabla ya MRI, vua kila chuma: saa, mkanda, hereni, bangili, funguo, sarafu na kisu cha mfukoni. Simu na kadi ya benki ziache nje. Sema kama una chuma chochote mwilini. Fundi wa kuchomea vyuma aseme kama cheche ya chuma iliwahi kuingia jichoni. Mvuvi aseme kama kipande cha ndoana kilibaki mwilini. Mwenye mashine ya moyo aseme. Usione haya. Hapa kusema ni kujiokoa.

Utalazwa ndani ya mashine iliyo kama bomba pana. Itapiga kelele, kama fundi anayegonga bati. Haiumi. Utapewa vitu vya kuziba masikio. Lala kimya kwa muda wa nusu saa hivi. Ukijitikisa, picha inaharibika, kama picha ya mtu anayekimbia. Utapewa kitu cha kubonyeza ukihitaji msaada.

Usiondoke bila kuuliza: "Majibu nitapata lini, na kwa nani?" Picha isiyosomwa haina faida.

KAZI YAKO KATI YA PICHA NA PICHA

Picha haizuii kifuko kukua. Inaonyesha tu. Kazi ya kukilinda kichwa iko nyumbani.

Kwanza, acha sigara na ugoro. Hili ni kubwa kuliko yote unayoweza kufanya mwenyewe.

Pili, pima shinikizo la damu katika zahanati. Ukipewa dawa, zimeze kila siku, hata ukijisikia vizuri. Usigawane dawa na jirani.

Tatu, punguza chumvi. Dagaa na samaki waliokaushwa kwa chumvi walowekwe na kuoshwa kabla ya kupikwa. Pombe nyingi nayo hupandisha shinikizo la damu.

Nne, waulize wazazi na ndugu. Kama watu wawili au zaidi wa tumbo moja, au mzazi na mtoto, wamewahi kuwa na kifuko cha ubongo, wengine wamwone daktari wapate shauri.

DALILI ZISIZONGOJA TAREHE

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiona haya:

Maumivu ya kichwa yanayokuja ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kupata. Kutapika na shingo kukakamaa. Kuzirai au degedege. Ukope mmoja kulegea ghafla, au kuona vitu viwili viwili. Mkono au mguu kufa ganzi au kukosa nguvu.

Mlaze mgonjwa ubavu. Usimlishe wala kumnywesha akiwa hajitambui. Usimpe aspirini. Usimchanje chale. Usingoje mapambazuko kama chombo kipo. Na mwambie daktari kwanza kabisa, "Huyu aliwahi kutibiwa mshipa wa ubongo." Mpe ile karatasi.

Ndugu msomaji, daktari ameziba mshipa, lakini hawezi kuja Ukerewe, Kome au Ukara kukukumbusha tarehe. Kama kijijini kwako yuko mtu aliyefanyiwa operesheni hii, mwulize leo: "Karatasi yako iko wapi? Unarudi lini?" Huenda swali lako likamwokoa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Anyurizimu: kifuko kwenye mshipa dhaifu wa damu.
Kibanio: chuma kidogo kinachobana shingo ya kifuko.
Platini: madini ya waya unaojaza kifuko.
CT: mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei.
MRI: mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu aliyetibiwa kifuko hawezi kungoja maumivu ndipo arudi hospitali?
2. Mtu mwenye waya hupigwa picha ipi mara nyingi? Na mwenye kibanio je? Eleza sababu.
3. Taja mambo matano yanayotakiwa kuandikwa katika karatasi ya mgonjwa.
4. Muuguzi alimsaidiaje mvuvi kupata siku ya kwenda bila kukosa dagaa? Ninyi mkulima wa pamba mngemshauri aende wakati gani?
5. Kijiji chenu kinaweza kufanya nini ili mgonjwa aliyezidiwa usiku afike hospitali?